Viazi vya kuoka na nyama ya kusaga: mbona kila mara chini nakuta supu?

#1 Baba Watatu
Wakuu, habari za Jumatano.

Mke wangu ana zamu ya jioni kila Jumamosi, kwa hiyo chakula cha siku hiyo ni changu. Wanangu nimeshawachosha na wali maharage, nikaamua kujifunza kile chakula cha kuoka: chini nyama ya kusaga, juu viazi vya kuponda, kinaingia oveni mpaka juu panakuwa kahawia. Nimekipika mara tatu. Mara zote tatu juu panapendeza kama picha ya kalenda, ukizamisha mwiko tu maji yanapanda. Binti yangu wa miaka saba ameshakipa jina: "supu yenye paa".

Ninavyopika: nyama nusu kilo, vitunguu viwili vikubwa, karoti, hoho, nyanya nne, kitunguu saumu, chumvi, pilipili manga. Nakaanga vitunguu, natia nyama, natia nyanya, nafunika dakika 15. Viazi kilo moja namenya, nakata vidogo vidogo viwahi kuiva, nachemsha, naponda na maziwa na siagi. Navitandaza juu ya nyama, oveni nyuzi 180, dakika 40.

Nakosea wapi?

#2 Siti ya Mbele
Nimekaa hapa nasubiri wataalamu. Na picha iko wapi? Uzi wa chakula bila picha ni chai.

#3 Binti Mkunazini
Kaka, jibu umeliandika mwenyewe: "nafunika". Kima haifunikwi. Unaiweka sufuriani peke yake, na chumvi, thomu, tangawizi na ndimu, bila mafuta, bila tungule (hizo nyanya zako). Itatoa maji yake yote, usishtuke, acha. Yatakauka yenyewe, na utaisikia inabadilisha sauti: mwanzo inachemka, mwisho inaanza kukaangika kwa mafuta yake. Hapo ndo utie kitunguu na vitu vyengine.

Kima ya kuweka chini ya mbatata ni ile ile ya sambusa na katlesi. Ukiibana kwa vidole, vidole vinabaki na mafuta, havibaki na maji.

#4 Mkulima wa Njombe
Dada #3 nakuheshimu ila umemhukumu mtu asiye na kosa. Mwizi yuko juu, siyo chini. Kiazi kibichi kama asilimia 80 ni maji. Jamaa kakimenya, kakikata vidogo, kakizamisha kwenye maji mengine, halafu kakiongeza maziwa! Kinakaa kwenye oveni dakika 40 kinafanya nini kama si kushusha maji chini?

Chemsha viazi na maganda yake, vizima. Menya vikiwa vya moto. Rudisha sufuriani, moto mdogo, geuzageuza dakika mbili tatu mpaka mvuke upungue, ndipo uponde. Maziwa achana nayo, weka siagi na kiini cha yai.

#5 Wa Ol Kalou
#4 amesema ukweli, lakini inategemea kiazi gani. Huku Nyandarua wengi tunapanda Shangi. Inaiva haraka sana, ukienda kupokea simu ukirudi imepasukia kwenye maji na ishakunywa ya kutosha. Mleta uzi, viazi vyako ni aina gani?

#6 Baba Watatu
#5 mkuu, mimi najua viazi vya sokoni tu. Vilikuwa na udongo.

#7 Ngoja Waje
Samahani dada #3, nina swali la dharura. Umesema kima? Kwetu kima yuko msituni, ana mkia mrefu, anaruka kwenye miti. Mnamsaga?

#8 Binti Mkunazini
#7 tunamsaga, tunamtia na hiliki. Karibu.

#9 Mzee wa Kamusi
Tusichafuane. Kima ya jikoni imekuja na watu wa Bara Hindi, kwa Kiurdu na Kihindi ni qeema. Waturuki nao wana kıyma yao. Kima wa mtini ni neno la Kibantu, la zamani kuliko sambusa zote. Na iko kima ya tatu, ya kiwango, iliyotoka kwenye Kiarabu, ile ya "kima cha chini cha mshahara".

#10 Siti ya Mbele
Kumbe tatizo la mleta uzi ni la taifa zima. Kima cha chini kina maji.

#11 Ngoja Waje
#10 😂😂 umeua. Funga uzi.

#12 Mwana Bucha
Usifungwe, hamjaniuliza mimi muuzaji. Miaka kumi na moja nipo buchani. Swali la kwanza: ulisagiwa nini, na nyama ilitoka wapi? Nyama iliyogandishwa, ikayeyuka, ikasagwa, itakutolea maji hata uipike juu ya jua. Barafu ikishachana nyuzi za nyama, maji hayana pa kushikilia. Ile iliyokwisha kusagwa na kupangwa kwenye vitreya huwezi kujua historia yake. Simama, onyesha kipande unachotaka, isagwe ukiona. Omba na mafuta kidogo, isiwe nyekundu tupu.

Swali la pili, jibu kwa ukweli, hapa hatukufahamu: ukifika nyumbani unaiosha?

#13 Baba Watatu
Naiosha, ndiyo. Kwenye chujio la chai. Maji mara tatu mpaka yawe meupe.

#14 Mwana Bucha
Nimemaliza.

#15 Wa Ol Kalou
Woi. Mara tatu 😂

#16 Kifuniko
Msimcheke. Nusu ya humu ndani mnaosha nyama ya kusaga, leo mmekuwa wazungu. Mama yangu angekula nyama ambayo haijaoshwa? Thubutu!

#17 Binti Mkunazini
#16 mama yako na mama yangu wanaosha kipande kizima kabla hakijasagwa, wanakichuja, wanakikausha, wanakisaga nyumbani kwa ile mashine ya kubana mezani. Hiyo ya chujio la chai ndo naisikia leo.

#18 Daktari wa Jikoni
Na kuosha hakuui wadudu, wakuu, kunawarusha tu kwenye sinki na kwenye vyombo. Wanaouawa wanauawa na moto. Kuna tofauti moja watu hawaijui: kwenye steki wadudu wengi wako nje, moto ukipiga nje umewapata. Nyama ikishasagwa, cha nje kimeingia ndani. Ndiyo maana Wamarekani wanataka nyama ya kusaga ifike nyuzi 71 katikati, na haitakiwi kuwa na wekundu kama steki. Kwa chakula hiki hilo si tatizo, maana kinapikwa mara mbili.

#19 Mutoto wa Kenya
Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi. Hii chakula tunaijua sana, mama alikuwa anaipika siku ya mungu, jina yake hachis parmentier. Njo ule muntu wa Ufaransa, Parmentier, aligunduaka viazi.

(Kenya ni mtaa wetu hapa, si inchi. Musianze.)

#20 Mzee wa Kamusi
#19 karibu sana. Marekebisho madogo: viazi viligunduliwa na watu wa milima ya Andes maelfu ya miaka kabla. Parmentier alikuwa mfamasia, alitekwa na Waprussia kwenye vita akalishwa viazi gerezani, akatoka hai akashangaa. Ufaransa wakati huo kiazi kilionekana chakula cha nguruwe, hata kilipigwa marufuku 1748. Yeye ndiye aliyekipigia debe mpaka kikaingia mezani, ndiyo chakula kikapewa jina lake.

#21 Mutoto wa Kenya
Aksanti papa. Basi aligunduaka mu gereza.

#22 Kifuniko
Kwa Kiingereza ndiyo shepherd's pie hiyo, mtafute video.

#23 Daktari wa Jikoni
#22 hapana, shepherd ni mchungaji wa kondoo, ya kondoo ndiyo inaitwa hivyo. Ya ng'ombe ni cottage pie. Waingereza wenyewe wanazichanganya kwa hiyo huna dhambi kubwa.

#24 Baridi Kali
Nawasalimu kutoka Minneapolis, nje theluji imefika magotini. Huku Minnesota chakula cha namna hii kinaitwa hotdish na wanakipenda kama sisi pilau ya sikukuu. Nyama ya kusaga chini, katikati supu nzito ya uyoga ya kopo, juu wanapanga Tater Tots, vile vidonge vya viazi vilivyokatwakatwa na kukaangwa. Zilianzishwa 1953 na Ore-Ida, walikuwa na mabaki ya viazi vya chipsi wakawa hawajui wayapeleke wapi.

Mtu akifiwa huku, jirani analeta hotdish. Nilipojifungua, mama mmoja wa kanisani alileta ya kula siku tatu, akaacha na bakuli lake lenye jina limebandikwa kwa plasta chini. Nilikaa nikakumbuka kwetu Kisii, mtu akijifungua wanavyoleta uji.

Sasa hoja yangu: ile supu ya kopo ina unga ndani, ndiyo inayoshika maji. Hotdish haitoi maji hata siku moja. Baba Watatu hana haja ya kukausha nyama mpaka iwe changarawe. Vijiko viwili vya unga wa ngano, nyunyiza juu ya nyama, geuza dakika moja, tia supu kidogo, acha ichemke iwe nzito. Kwisha.

#25 Mwana Bucha
#24 unga utaficha maji, hautayaondoa.

#26 Baridi Kali
#25 na mimi nataka maji? Nataka rojo.

#27 Mjukuu wa Bibi Tanga
Ahsante #26, nilikuwa nasubiri mtu aseme hilo neno. Mnamkaushia mwenzenu chakula mpaka watoto wataomba maji kila tonge. Bibi yangu alikuwa akipika hiki kwenye bakuli la bati la buluu lenye kubanduka rangi pembeni. Rojo ilikuwa inapanda kando ya viazi, inachungulia, inachemka pale ukingoni mpaka inashika bati na kuwa ukoko mweusi mtamu. Tulikuwa wajukuu sita, pembe ziko nne. Hesabu mwenyewe vita vyake.

Hicho chakula bila rojo ni katlesi iliyolala.

#28 Binti Mkunazini
#27 katlesi iliyolala 😂 nakubali matusi. Lakini bibi alipika kwa oveni?

#29 Mjukuu wa Bibi Tanga
Oveni gani! Mkaa chini kidogo, bati juu, na juu ya bati makaa mengi zaidi.

#30 Mama wa Kibokoni
Hapo sasa. Nimesoma kote nangoja mtu ataje kupalia. Oveni nyingi hizi za majumbani moto uko chini, na juu zinapasha tu. Ndiyo kima inachemka kama mchuzi huko chini na mvuke unagonga viazi unarudi. Ukipalia makaa juu, moto mkali uko juu, viazi vinakauka na kufunga, chini panatulia. Kama una oveni ya moto wa juu, washa ule wa juu dakika 10 za mwisho, na bakuli lipandishe rafu ya juu.

Tena usikipakue kikitoka tu. Kiweke kando robo saa, dakika 20, na kitambaa safi juu, usifunike na sahani. Kikipoa kidogo kinajishika. Watu wa siku hizi mna haraka, chakula kinatoka motoni kinakatwa hapo hapo, halafu mwalaumu bucha.

#31 Mwana Bucha
Mama #30 shikamoo. Umenitetea.

#32 Mama wa Kibokoni
Marahaba mwanangu. Sijakutetea, nyama zenu pia zina maji.

#33 Siti ya Mbele
Hesabu mpaka sasa: kufunika, viazi, barafu, chujio la chai, unga, moto wa juu, haraka. Watuhumiwa saba, supu moja. Picha bado hakuna.

#34 Mpima Vitu
Mimi nina mzani wa keki, jana usiku niliamua kupima badala ya kubishana. Nyama ya kusaga ya ng'ombe, haijaoshwa, gramu 500. Nimepika kama alivyosema #3, wazi, bila kitu, mpaka ikabadilisha sauti. Imebaki gramu 345. Kwa hiyo gramu 155 zimeenda hewani, na nyingi ni maji. Halafu nikakata nyanya nne za kawaida, nikazipima: gramu 410. Nyanya karibu yote ni maji!

Mnagombana kuhusu nyama na viazi, hakuna hata mmoja aliyetaja nyanya nne.

#35 Mkulima wa Njombe
#34 viazi je, umepima?

#36 Mpima Vitu
Sijapima, mke wangu aliuliza kwa nini nyama iko kwenye mzani wa keki saa nne usiku.

#37 Binti Mkunazini
Tungule nne mbichi kwa nusu kilo ya kima, kweli ni nyingi. Mimi natia ya kopo kijiko kimoja kikubwa, basi. Na mdalasini wa kunusa tu, na kotmiri mwishoni. Mbatata zangu natia chenga za mkate juu, zinakuwa na ngozi ya kuvunjika.

#38 Wa Maskati
Sisi huku Oman tumeshakimbia viazi kabisa. Makaroni! Chini makaroni, katikati kima, juu makaroni tena, halafu sosi nyeupe ya maziwa na unga, bashameli kama Wamisri. Makaroni uyatoe hayajaiva vizuri, kile kilichobaki kuiva kitakunywa maji yote ya kima. Watoto wangu viazi hawavitaki tena.

#39 Mkulima wa Njombe
#38 unaniharibia soko.

#40 Jikoni Maabara
Ongezeni moja: soda ya kuokea. Robo kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama, changanya na maji kijiko kimoja, acha dakika 15 kabla ya kupika. Inapunguza uchachu wa nyama, nyuzi hazijibani sana, maji yanabaki ndani ya nyama badala ya kutoka sufuriani. Nyama inabaki laini na inashika rangi haraka. Usizidishe, italeta ladha ya sabuni.

#41 Kifuniko
Hiyo soda ndiyo ile ya mandazi?

#42 Jikoni Maabara
Inategemea mandazi yako. Hamira siyo. Bekingi pauda siyo.

#43 Kifuniko
Basi ngoja nikaangalie kopo, maana nimeshaweka.

#44 Ngoja Waje
#43 umeweka nini?

#45 Ngoja Waje
#43?

#46 Mama wa Kibokoni
Hamira haimdhuru mtu. Ataumuka.

#47 Baba Watatu
Jumapili njema wakuu. Narudi na ripoti.

Jana nilichukua kipande buchani, nikakiosha kizima, kikasagwa nikiona (asante #12). Kima nikaipika wazi mpaka ikabadilisha sauti. #3, ile sauti ipo kweli, ni kama mvua ya bati ikianza kukatika. Nyanya nikatia moja tu. Unga kijiko kimoja, kwa sababu ya rojo ya bibi wa Tanga. Viazi na maganda, bila maziwa. Moto wa juu dakika 10 za mwisho. Nikakiacha dakika 20, watoto wamezunguka meza kama kuku wanaosubiri mtama.

Nikakata upande wa kulia. Kikavu, kimejishika, kipande kimesimama kwenye sahani na pembe zake. Binti akapiga makofi.

Nikakata upande wa kushoto. Maji.

#48 Siti ya Mbele
😳

#49 Mwana Bucha
Yaani bakuli moja, nyama moja?

#50 Baba Watatu
Bakuli moja, nyama moja, viazi vile vile. Siyo mengi kama zamani, lakini yapo, vijiko vitatu vinne.

#51 Mkulima wa Njombe
Viazi vya upande wa kushoto uliviponda mwisho, vilikuwa vimepoa. Kiazi kilichopoa kinafanya hivyo.

#52 Baridi Kali
Unga haukufika kushoto. Ungetia viwili nilivyosema.

#53 Mama wa Kibokoni
Oveni yako ina moto upande mmoja. Geuza bakuli katikati ya safari.

#54 Mpima Vitu
Baba Watatu, fanya jambo moja. Chukua marumaru ya watoto, iweke juu ya jiko.

#55 Baba Watatu
Imeviringika kushoto mpaka ikaanguka nyuma ya mtungi wa gesi.

#56 Mpima Vitu
Jiko lako limelala. Kwa hiyo maji yalikuwepo chakula kizima, yamekimbilia kushoto tu. Hukuyaondoa, umeyahamisha.

#57 Binti Mkunazini
#56 basi kima haikukauka. Alikatiza mapema, nakwambia.

#58 Baba Watatu
Dada niliisikia sauti!

#59 Mjukuu wa Bibi Tanga
Mmesahau kuuliza la maana. Upande gani uliisha kwanza?

#60 Baba Watatu
Wa kushoto. Waligombania pembe.

#61 Siti ya Mbele
Na picha?

#62 Baba Watatu
Nilivyokumbuka simu bakuli lilishaingia sinki.

#63 Siti ya Mbele
Chai.

#64 Kifuniko
Nimerudi. Ilikuwa hamira.

#65 Mgeni Jijini
Habarini, uzi mzuri ila sijasoma wote. Naomba kuuliza, kima si ni mnyama wa porini?